Buibui Usiyemwona: Kumfuga Tarantula Mchimba Shimo

Wanaofuga tarantula wa kuchimba kwa mara ya kwanza huwa na lalamiko moja: wamenunua buibui, wamepata sanduku la udongo. Ni kweli kabisa, na ndiyo dalili kwamba mambo yako sawa. Buibui wa aina hii akionekana kutwa nzima anazunguka pembezoni mwa kioo au ananing'inia ukutani, kuna kilichokosewa, na mara nyingi kosa halimo kwenye chakula. Limo kwenye udongo: hautoshi, au haushikamani, au umelowa kupita kiasi. Ndiyo maana makala hii itakaa sana kwenye udongo, na mengine yatapitiwa haraka.

Familia ya tarantula, Theraphosidae, ina spishi zaidi ya 1,000. Wafugaji huwagawa katika makundi matatu: wa mitini, wa juu ya ardhi na wa chini ya ardhi. Mipaka yake haijanyooka. Brachypelma hamorii wa Mexico hukaa shimoni porini, lakini akiwa mkubwa kizimbani huridhika na gome la mti lililozikwa nusu. Pterinochilus murinus wa Afrika huchimba akipata kina, na akikikosa husuka handaki la utando juu kwa juu. Wachimbaji hasa ni kama Pelinobius muticus wa Kenya, Tanzania na Uganda, mwenye miguu ya nyuma minene iliyopinda kwa kazi hiyo. Cyriopagopus lividus wa Myanmar na Thailand, mwenye rangi ya buluu ambayo mwenye naye huiona kwa nadra. Jamii ya Ceratogyrus wa kusini mwa Afrika, ambao baadhi yao wana pembe mgongoni. Na Hysterocrates wa Kameruni. Hawa ukiwanyima kina hawatulii.

Ili kuelewa shimo lina uzito gani katika maisha yao, mtazame binamu yao wa mbali wa huko Australia Magharibi. Ni buibui jike wa shimo lenye mfuniko, si tarantula, aliyepewa namba 16 katika utafiti ulioanzishwa na Barbara York Main mwaka 1974. Aliishi takriban miaka 43, na miaka yote hiyo alikaa kwenye shimo lile lile. Tarantula jike hafikishi umri huo, ila miaka 20 au zaidi ni kawaida kwa spishi nyingi za kuchimba. Kizimba unachokiandaa leo kinaweza kuwa makazi ya muda mrefu kuliko vyombo vingi vya nyumbani.

Unyevu: fundo linalowatatiza wengi

Maelekezo mengi husema, kwa mfano, unyevu uwe asilimia 70. Mfugaji hununua kipimaunyevu, akakibandika karibu na mfuniko, kikasoma 45. Basi hushika chupa ya kupulizia maji na kulowesha kila kitu asubuhi na jioni. Matone hayo hayazami zaidi ya sentimita moja au mbili. Uso wa udongo hugeuka tope, kuvu huota, chini kunabaki kukavu, na buibui hupanda ukutani kukwepa majimaji. Mfugaji akimwona huko juu hudhani anatafuta hewa yenye unyevu, akaongeza kupulizia.

Kipimo kile kilikuwa kinapima hewa ya mahali ambapo buibui hakai. Porini, uso wa ardhi ya savana unaweza kuwa mkavu na wa moto mchana, lakini sentimita 30 chini joto hubadilika kidogo tu na hewa ya ndani ya shimo hubaki na unyevu mwingi unaotoka kwenye kuta zake. Kwa hiyo spishi inayoitwa "ya ukame" haiishi katika hewa kavu. Inaishi kwenye unyevu uliofunikwa na ukavu. Kazi yako ni kuigiza hali hiyo: chini udongo uwe na unyevu, juu uwe mkavu, na katikati unyevu upungue hatua kwa hatua, ili buibui apande na kushuka kutafuta mahali panapomfaa. Ukifanikisha hilo, kipimaunyevu unaweza kukigawa.

Kuna sababu ya kimwili ya kulijali hili. Mguu wa buibui una misuli ya kuukunja, lakini katika viungo vyake viwili vikuu hamna misuli ya kuunyoosha. Hunyooshwa na shinikizo la damu linalosukumwa kutoka sehemu ya mbele ya mwili. Maji mwilini yakipungua shinikizo hushuka, miguu ikajikunja chini ya mwili na buibui hashindwi kuinyoosha tu, hawezi hata kutembea kwenda kunywa. Ukimkuta hivyo, mweke ukingoni mwa kisahani chenye maji machache, sehemu ya mdomo iguse maji huku tumbo likibaki nje, kwa kuwa matundu ya kupumulia yako chini ya tumbo. Akiwa amekauka tu, huanza kuamka ndani ya saa chache.

Vipimo na uzito

Pima buibui kwa upana wa miguu: kutoka ncha ya mguu wa kwanza wa upande mmoja hadi ncha ya mguu wa nne wa upande wa pili. Kwa mchimbaji, sakafu iwe na upana usiopungua mara mbili ya kipimo hicho, udongo uwe na kina cha mara mbili au zaidi, na nafasi kati ya uso wa udongo na mfuniko isizidi upana wa miguu mara moja au moja na nusu. Buibui wa sentimita 15 anahitaji basi chombo kama cha sentimita 30 kwa 30 kwa 45, na sentimita 30 kati ya hizo 45 ni udongo.

Watu huogopa kujaza kiasi hicho, huona wanamnyima buibui nafasi. Kinyume chake, hewa tupu ndiyo hatari. Tarantula wa ardhini ni mzito, tumbo lake limefunikwa na ngozi nyembamba, na akianguka kutoka sentimita 25 au 30 linaweza kupasuka. Kwa kidonda cha namna hiyo hakuna cha maana cha kufanya.

Sasa piga hesabu ya uzito kabla ya kuanza. Sentimita 30 kwa 30 kwa 30 ni lita 27, na udongo wenye unyevu ulioshindiliwa hufikia kilo moja na zaidi kwa lita. Unazungumzia kilo 30, bila kioo. Jaza chombo pale pale kitakapokaa, juu ya meza imara na iliyosawazika, maana ukikihamisha baadaye utavunja handaki kwa mitikisiko hata kama kioo kitasalimika.

Vizimba vya kioo vyenye milango ya mbele, ambavyo ndivyo vinavyopendeza zaidi madukani, havifai kazi hii. Kizingiti cha mlango huwa na kimo cha sentimita chache tu, na udongo ukikipita humwagika kila unapofungua. Tangi la samaki la kawaida au sanduku gumu la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kufunguliwa juu, hushinda. Mfuniko uwe wa plastiki ngumu uliotobolewa matundu ya milimita 2 hadi 3. Wavu wa chuma au nailoni una kasoro mbili: kucha za miguu hunasa humo na mguu kung'oka, na chonge za buibui mkubwa hutafuna wavu laini mpaka ukatoboka. Mfuniko ufungwe kwa kibanio. Mnyama anayeweza kusukuma udongo anaweza kusukuma mfuniko mwepesi.

Kuchanganya na kushindilia

Mchanganyiko unaofanya kazi kwa spishi nyingi ni sehemu sita za udongo wa kawaida wa juu usio na mbolea wala dawa, sehemu tatu za kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, na sehemu moja ya mchanga safi au mfinyanzi. Udongo ndio unaoshika umbo la handaki. Kokopiti hutunza maji, lakini ikiwa peke yake hubomoka ikikauka. Mchanga husaidia maji kushuka. Ukizidi, kuta huporomoka. Mfinyanzi kidogo huongeza ugumu kwa wachimbaji wazito kama Pelinobius. Usitumie randa za mwerezi au msonobari, kwa kuwa mafuta yake ni sumu kwa buibui, wala udongo wa bustani uliotiwa mbolea ya chembechembe.

Changanya na maji kidogo kidogo. Chota konzi moja na kuifinya: ishikamane kama tonge, na kati ya vidole litoke tone moja au mawili, si zaidi. Likichuruzika, tandaza udongo upungue maji. Kisha ujaze kwa tabaka za sentimita 5, kila tabaka ulishindilie kwa ngumi au kipande cha mbao kabla ya kuweka linalofuata. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Udongo uliomiminwa tu unaonekana umejaa, lakini handaki halisimami ndani yake, na buibui akibomokewa mara mbili tatu huacha kuchimba na kuanza kuhangaika juu. Ukibonyeza kwa kidole, kiingie kwa shida.

Wengine hutandika kokoto chini ili maji ya ziada yatulie huko. Mchimbaji atazifikia, atazileta juu moja moja, na handaki lake litaishia kwenye dimbwi. Ziache.

Badala yake, kabla ya kujaza, simamisha kona moja bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita moja hivi, ncha ya chini ikiwa imekatwa mshazari, ifike sentimita 2 juu ya sakafu. Ncha ya juu izibwe. Hapo ndipo utakapomwagia maji, na yatakwenda moja kwa moja tabaka la chini. Udongo ukikauka rangi hupauka, na kupitia kioo utaona mstari wa weusi ukishuka siku hadi siku. Thuluthi ya chini ikianza kupauka, mimina mililita 150 kwa chombo cha ukubwa tuliotaja, subiri siku mbili au tatu, tazama tena. Ratiba ya wiki haina maana, kwa kuwa msimu, ukubwa wa chombo na mtiririko wa hewa hubadilisha kila kitu.

Kosa la upande wa pili ni kujaza maji mpaka chini kukakosa hewa. Utalijua kwa pua: harufu kama ya yai viza, na mabaka meusi kwenye kioo. Acha kumwagia, ongeza matundu, na kama harufu haiondoki baada ya wiki kadhaa, huna budi kubadilisha udongo. Hewa iingie kupitia matundu ya ubavuni, juu kidogo ya uso wa udongo, na itoke mfunikoni. Udongo wenye unyevu na hewa inayotembea ni salama. Udongo wenye unyevu na hewa iliyofungiwa ndio unaoua. Kuvu kidogo siku za mwanzo hukauka yenyewe, na wadudu wadogo weupe wanaorukaruka, kolembola, wakiingizwa huila.

Uso ukishakauka, toboa shimo la kuanzia. Chukua kijiti kinene, kichomeke kwa mshazari wa nyuzi 45 kuelekea kwenye kioo, sentimita 10 hivi, upana uzidi kidogo mwili wa buibui akiwa amekunja miguu. Funika mlango kwa kipande cha gome. Buibui akikubali, ataendelea mwenyewe, mara nyingi akifuata kioo. Bandika karatasi nyeusi upande huo kwa nje na uifunue pale tu unapotaka kumkagua. Akikataa shimo lako na kuchimba kona nyingine, mwache. Fundi ni yeye.

Mawe yakitumika, yakae juu ya sakafu ya kioo yenyewe, si juu ya udongo. Jiwe zito likiwekwa juu, buibui huchimba chini yake kwa kuwa ni paa zuri, na paa hilo humwangukia.

Kisahani cha maji kiwepo daima, kipana cha sentimita 6 hivi, bila sponji, ambayo huzalisha bakteria tu. Kitajazwa udongo. Mchimbaji hutoa udongo kwa chonge, ukiwa umefungwa kwa nyuzi za utando kama kidonge, na kuutupa popote, hasa kisahanini. Kiinue juu ya kijiwe bapa na usafishe bila kinyongo.

Joto

Nyuzi za Selsiasi 22 hadi 28 zinatosha kwa karibu wote. Kama chumba kina joto hilo, usiongeze kitu. Kikiwa baridi, pasha chumba, au bandika mkeka wa joto ubavuni, ukiwa na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Kuuweka chini ya chombo ni kosa baya kuliko yote ya vifaa. Mchimbaji akiona joto hushuka, kwa sababu porini joto hutoka juu na chini ni pa baridi. Hapa anashuka kulikimbia na kulikuta. Udongo wa chini hukauka, naye hukaukia humo humo bila wewe kumwona. Taa za joto nazo hukausha. Mwanga wa aina yoyote hauhitaji.

Chakula, na mlango unaofungwa

Nyenje na mende wa kufugwa ndio chakula cha kila siku. Mtu mzima apewe mdudu mmoja mkubwa kila siku 10 hadi 14; mtoto apewe mara moja au mbili kwa wiki, mdudu asiwe mrefu kuliko tumbo lake. Mdondoshe karibu na mlango jioni. Mabuu ya unga yapondwe kichwa kwanza, la sivyo yatajizika na kuibuka yakiwa mbawakawa. Wadudu wa bustanini waache: huenda wamepuliziwa dawa, au wamebeba minyoo. Ukiona utando mweupe mzito unaosogea kuzunguka mdomo wa buibui, hiyo ni minyoo ya nematodi, haina tiba, na chombo hicho kitengwe mbali na vingine. Mabaki ya mlo yaondolewe kwa kibanio, kwa kuwa huvuta utitiri.

Chakula ambacho hakijaguswa kitoke asubuhi. Nyenje mwenye njaa humtafuna buibui anayejivua gamba, na hapo buibui hana ulinzi wowote.

Siku moja utakuta mlango umezibwa kwa udongo na utando. Wanaoingiwa na hofu hapa huchimba kuangalia kama yu hai, na hilo ndilo linaloweza kumuua. Amejifungia kujivua gamba, au kukwepa msimu, au ameshiba tu. Inaweza kuchukua wiki, na kwa jike mkubwa wa Pelinobius, miezi. Endelea kutunza unyevu kupitia bomba, weka maji kisahanini, ngoja. Akijivua hulala chali. Hiyo siyo kufa. Buibui anayekufa husimama wima huku miguu imejikunja chini yake. Akishatoka na gamba jipya chonge zake huwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Usimlishe mpaka ziwe nyeusi, siku 7 kwa mtoto na 14 au zaidi kwa mkubwa, vinginevyo anaweza kuzivunja kwenye ganda la mdudu.

Watoto wenye sentimita 2 wakae kwanza kwenye kikombe chenye udongo wa kina cha sentimita 6 hadi 8. Ngozi yao hupoteza maji upesi, hivyo tabaka lao la juu lisikauke sana. Ukimtupa mtoto wa aina hiyo kwenye tangi la lita 40 hatadhurika na ukubwa, ila hutajua kama amekula.

Kumhamisha bila kuumwa

Tarantula wa Afrika na Asia hawana nywele za kuwasha ambazo jamaa zao wengi wa mabara ya Amerika hupeperusha, nywele ambazo ngozini ni kama upupu na machoni ni jambo la hospitali. Badala yake wana kasi na kuuma. Sumu yao huleta maumivu makali na mikakamao ya misuli inayoweza kuendelea kwa siku kadhaa. Mchimbaji aliyetolewa shimoni hana pa kukimbilia, kwa hiyo husimama, hunyanyua miguu ya mbele na kuonyesha chonge. Pelinobius huongeza na sauti ya mvumo kwa kusuguanisha miguu. Huyu hashikwi mkononi, kwa sababu yoyote.

Habari njema ni kwamba huhitaji kumhamisha mara kwa mara. Ukianza na kina cha kutosha, miaka hupita. Siku ikifika, fanyia kazi ndani ya beseni kubwa au bafu lililozibwa tundu, chombo cha zamani na kipya vyote vikiwa ndani. Uwe na bakuli la plastiki linaloonyesha ndani, kadi ngumu ya kuliziba kwa chini, brashi laini yenye mpini wa sentimita 30, na kibanio kirefu. Ingiza kijiti laini kwenye handaki ili usipoteze mwelekeo wake, kisha chimba kwa kijiko kutoka upande, ukipunguza udongo taratibu mpaka umfikie, na umfunike kwa bakuli. Usimwagie maji shimoni ili atoke: wengine hubaki humo, na udongo uliolowa huwaangukia.

Wakati wa kununua, chukua aliyezalishwa na wafugaji. Jamii yote ya Brachypelma imo kwenye Nyongeza ya Pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na hata pale ambapo spishi haijaorodheshwa, jike wa miaka 15 aliyefukuliwa porini huja na minyoo na huacha pengo lisilozibika upesi.

Mmoja tu huvunja kanuni iliyotajwa mwanzoni, ya buibui anayezurura kuwa na kasoro ya udongo. Ni dume aliyekomaa. Utamtambua kwa vimiguu vifupi vya mbele ya mdomo, ambavyo ncha zake huvimba kama glavu za ndondi. Huyu huacha shimo lake kwenda kutafuta jike, hula kidogo, huzunguka usiku kucha, na kwa kawaida hubakiwa na mwaka mmoja hivi. Udongo mzuri kuliko wote hautamrudisha chini. Mhakikishie maji, na ukaze kibanio cha mfuniko.